Saikolojia tiba, udaktari wa magonjwa ya akili au unasihi: njia ipi inakufaa?

Ukimuuliza kijana kwa nini anataka kusoma saikolojia tiba, mara nyingi atakwambia anapenda kusaidia watu. Ni sababu njema, lakini haimsaidii kuchagua, maana daktari wa magonjwa ya akili naye anasaidia watu, mnasihi (mtoa ushauri nasaha) anasaidia watu, na afisa ustawi wa jamii kadhalika. Tofauti iko kwingine: ukifika kazini unakabidhiwa nini, na ni uamuzi upi unaotiwa sahihi yako? Nitazilinganisha njia tatu kuu kwa swali hilo kwanza, ndipo niingie kwenye miaka ya masomo na ajira. Saikolojia tiba nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo ambayo wengi huingia wakidhani ni kitu kingine.

Mgonjwa mmoja, wataalamu watatu

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 58. Kwa miezi sita amekuwa akisahau miadi na majina, usingizi umemruka, amekonda, na shughuli alizozipenda hazimvutii tena. Watoto wake wanaogopa kwamba ameanza ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu. Mwenyewe anasema amechoka tu.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Atauliza dawa zote anazotumia mzee huyu, ataagiza damu ipimwe kuangalia tezi ya thairoidi na vitamini B12, kwa kuwa upungufu wa homoni za tezi hiyo, au wa vitamini hiyo, unaweza kuvaa sura ileile ya sonona, yaani huzuni nzito inayodumu. Huenda akaagiza picha ya ubongo. Akijiridhisha kwamba ni sonona kali, ataandika dawa, atamweleza mgonjwa kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, na atapima hatari: je, ana mawazo ya kujiua, je, alazwe? Uamuzi wa kumlaza mtu, au wa kumpa dawa ya lithiamu ambayo lazima damu, figo na tezi vifuatiliwe kwa miaka, uko kwake. Baada ya miadi ya kwanza iliyo ndefu, mara nyingi mikutano inayofuata ni mifupi, na kwa siku moja huona wagonjwa wengi.

Mwanasaikolojia tiba hukaa na mtu yuleyule saa nzima au zaidi, achukue historia ya maisha yake, kisha atoe vipimo. Mojawapo ni rahisi kuelezea ingawa kukitafsiri kunahitaji ujuzi. Mgonjwa anasomewa orodha ya maneno, anafanyishwa mambo mengine kwa dakika 20 au 30, halafu anaombwa ayataje. Mwenye sonona mara nyingi hutaja machache, lakini ukimpa kidokezo, kwa mfano kwamba mojawapo lilikuwa jina la tunda, au ukimwonyesha maneno na kumuuliza yapi aliyasikia, mengi yanarudi. Kwa mwenye Alzheimer kidokezo husaidia kidogo tu, kwa sababu neno lenyewe halikuhifadhiwa. Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza kesi. Lakini matokeo ya vipimo kadhaa vikiwekwa pamoja na historia yanaweza kusema jambo ambalo damu na picha hazikulisema.

Kisha anaandika ripoti, na ndani yake anaweka kile ambacho kwangu mimi ndicho kiini cha taaluma hii: maelezo yanayounganisha mambo. Kwa nini mtu huyu, kwa nini sasa, na nini kinalifanya tatizo liendelee badala ya kuisha? Kwenye maelezo hayo ndiko tiba inakochipuka. Kama ni sonona iliyoanza baada ya kustaafishwa, na mzee ameacha kutoka nje kwa sababu hajisikii, na kwa kuwa hatoki anazidi kutojisikia, tiba inaanza kwa kumrudisha kwenye shughuli hatua kwa hatua kabla hajajisikia kuzifanya. Tiba ya fikra na tabia kwa sonona kwa kawaida ina vikao kati ya 12 na 20.

Mnasihi atampokea mzee huyu kwa jambo lililomleta: amepoteza kazi, amepoteza nafasi yake nyumbani, hana wa kumwambia. Atamsikiliza kwa ustadi, atamsaidia kuona njia, na kama tatizo ni majonzi ya msiba, mgogoro wa ndoa au msongo wa maisha, huenda huyo ndiye anayemhitaji na hakuna haja ya mwingine. Siukubali usemi kwamba unasihi ni saikolojia tiba iliyopunguzwa. Unasihi una kazi yake. Ila mnasihi mzuri lazima awe na sikio la kutambua kwamba kusahau huku kumepita kiasi cha majonzi, amwandikie rufaa, na asione haya kuiandika.

Sasa jiulize: katika hao watatu, kazi ya nani ulitamani kuifanya wewe? Kama macho yako yalitua kwenye damu, dawa na uamuzi wa haraka, unaelekea kwenye udaktari. Kama ulivutwa na fumbo la orodha ya maneno na kwa nini tatizo haliishi, umeshaanza kufikiri kama mwanasaikolojia tiba. Na kama ulitaka tu kumsikiliza huyo mzee leo hii, bila kungoja ripoti, uchunguze unasihi kwa moyo mmoja kabla hujajifunga miaka mingi.

Miaka ya masomo, na yanayosomwa

Mwanasaikolojia Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya kisaikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896, na 1907 akaipa fani hii jina la saikolojia tiba. Wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watoto wenye shida za kujifunza, kwa hiyo upimaji ulitangulia tiba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari waliorudi Marekani wakiwa na majeraha ya akili walikuwa wengi kuliko madaktari waliokuwapo, serikali ikagharamia mafunzo ya wanasaikolojia. Mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika Boulder, Marekani, mwaka 1949 ukaamua kwamba wafundishwe kuwa watafiti na watabibu kwa pamoja. Mwaka 1973 mkutano mwingine, wa Vail, ukakubali njia ya pili, inayoelemea tiba zaidi kuliko utafiti.

Uamuzi wa mikutano hiyo miwili bado unamgusa anayechagua leo. Marekani, shahada ya uzamivu ya kitafiti huchukua miaka mitano hadi saba baada ya shahada ya kwanza, ukiwemo mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo, na ina tasnifu nzito. Wanaopokelewa ni wachache, lakini vyuo vingi huwalipia ada na posho kwa kazi ya utafiti au kufundisha. Uzamivu wa kitabibu hupokea wanafunzi wengi zaidi, una utafiti mwepesi kiasi, na mara nyingi mwanafunzi hujilipia mwenyewe, ndiyo maana wengi huhitimu wakiwa na deni kubwa. Leseni ni ileile. Ushauri wangu kwa asiye na mfadhili ni kutazama deni kabla ya kutazama urahisi wa kupokelewa, kwa sababu deni ndilo litakaloamua kama utaweza kufanya kazi hospitali ya umma au utalazimika kukimbilia kliniki ya matajiri.

Uingereza ina utaratibu mwingine. Uzamivu wa saikolojia tiba ni miaka mitatu, na mwanafunzi ni mwajiriwa wa huduma ya afya ya taifa, analipwa mshahara akisoma. Kwa kuwa ni neema kubwa, wanaoomba ni wengi mno, na waombaji hutumia miaka kadhaa kama wasaidizi kwenye hospitali na miradi kabla ya kupata nafasi. Afrika Kusini, kwa upande wake, humsajili mwanasaikolojia tiba mwenye shahada ya uzamili, akiwa amemaliza mwaka wa mafunzo ya vitendo na mwaka wa huduma kwa jamii.

Linganisha na daktari wa magonjwa ya akili. Marekani ni miaka minne ya shahada ya kwanza, minne ya udaktari na minne ya ubingwa. Uingereza ni miaka mitano au sita ya udaktari, miwili ya mafunzo ya awali, na takriban sita ya ubingwa. Kwa hiyo tofauti ya muda kati ya daktari na mwanasaikolojia si kubwa kama watu wanavyodhani. Tofauti kubwa iko katikati ya safari: daktari atapita wodi za upasuaji, uzazi na watoto kabla hajaruhusiwa kuigeukia akili. Asiyeweza kuvumilia miaka hiyo asijidanganye kwamba ataipita kwa kufumba macho.

Unasihi ni mfupi. Kwa kawaida ni shahada ya uzamili ya miaka miwili au mitatu, ikifuatwa na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. Angalia pia sheria inasemaje kuhusu cheo. Uingereza, kujiita mwanasaikolojia tiba bila usajili ni kosa, ilhali cheo cha mnasihi hakilindwi na sheria, na wanaojali hujiunga na vyama vya kitaaluma kwa hiari yao. Mahali ambapo cheo hakilindwi, mnasihi aliyesoma kwa bidii huwekwa kapu moja na aliyehudhuria semina ya siku mbili, na itambidi athibitishe uwezo wake kila mara.

Jambo moja ambalo wanafunzi wa saikolojia tiba hawaambiwi mapema ni takwimu. Wengi huja na moyo wa kusikiliza, wanakutana na regresheni, hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine. Wapo wanaoona ni kikwazo cha kuvuka tu, na hapo nawapinga kwa nguvu zote. Tuseme una dodoso la sonona linalowanasa wagonjwa 90 kati ya kila 100, na kuwaachia wazima 90 kati ya kila 100. Linasikika zuri. Lipeleke kwa watu 1,000 ambao kati yao 50 tu ndio wenye sonona. Litawanasa wagonjwa 45, na pamoja nao wazima 95. Yaani kati ya watu 140 walioambiwa wana dalili, ni kama theluthi moja tu wanaoumwa kweli. Mtaalamu asiyejua hesabu hiyo atawabandika ugonjwa watu wazima na atalala usingizi. Mwanasaikolojia Paul Meehl, mwaka 1954, alikusanya ushahidi kwamba kanuni rahisi za kitakwimu hufanya vizuri sawa na uamuzi wa mtaalamu anayetegemea hisia, au hata kuushinda. Hoja hiyo bado inauma, na ni vizuri iume.

Kitu kingine kinachotofautisha mafunzo haya ni usimamizi. Vikao vyako vinarekodiwa kwa ridhaa ya mgonjwa, na msimamizi anasikiliza jinsi ulivyomkatiza, ulivyokwepa swali la kujiua, ulivyoharakisha kufariji kwa sababu ukimya ulikutisha wewe. Inaumiza. Pia ndipo unapojengwa. Chuo chenye wahadhiri maarufu lakini usimamizi wa kubabaisha nisingekichagua.

Suala la dawa

Kwa ufupi: katika nchi nyingi mwanasaikolojia haandiki dawa. Marekani, jimbo la New Mexico liliruhusu mwaka 2002 kwa wanasaikolojia wenye mafunzo ya ziada, Louisiana ikafuata 2004, na majimbo mengine machache baadaye. Ukitaka dawa ziwe sehemu ya kazi yako ya kila siku, soma udaktari. Ukichagua saikolojia kwa kutumaini kwamba sheria ya kwenu itabadilika, unaweza kungoja maisha yako yote ya kazi.

Kutoandika dawa hakumfanyi mwanasaikolojia kuwa msaidizi wa daktari. Kwa mtu mwenye mawazo na vitendo vya kujirudia, anayenawa mikono hadi ngozi inachubuka, tiba ya kukabili kile anachokiogopa huku akizuiwa kunawa ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi imara kabisa. Hofu za kupita kiasi hutibiwa kwa njia ya jamaa hiyo. Skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo) na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kwa upande mwingine, zinahitaji dawa kama msingi, na hapo kazi ya mwanasaikolojia ni kuongeza juu ya msingi huo. Kwa sonona kali, mara nyingi dawa na tiba ya mazungumzo pamoja hushinda kimoja peke yake. Anayekuambia kwamba upande mmoja unatosha kwa kila ugonjwa, umtilie shaka.

Ukishahitimu, utafanya kazi wapi?

Kipato kwanza, kwa kuwa ni haki kuuliza: katika nchi nyingi daktari wa magonjwa ya akili hulipwa zaidi ya mwanasaikolojia tiba, naye mwanasaikolojia tiba zaidi ya mnasihi. Mpangilio huo una tofauti zake kwenye kazi binafsi, lakini usipange maisha yako kwa kutegemea tofauti hizo.

Ajira ya saikolojia tiba ni pana kuliko chumba chenye viti viwili. Kuna hospitali za magonjwa ya akili, ambako utakuwa ndani ya timu na utajifunza haraka. Kuna hospitali za kawaida, ambako wagonjwa wa saratani, kisukari, figo na maumivu sugu wanahitaji mtu wa kuwasaidia kuishi na ugonjwa na kufuata tiba ngumu. Hii ni sehemu inayokua, na ninaipendekeza kwa wale wanaopenda mazingira ya hospitali lakini hawataki kuwa madaktari. Kuna kazi ya watoto: kupima usonji, shida za kujifunza, na kuwafundisha wazazi.

Saikolojia ya ubongo ni chumba kingine kabisa. Mtu amepata kiharusi au amegonga kichwa ajalini, na swali ni je, anaweza kurudi kazini, kuendesha gari, kusimamia fedha zake? Unapima saa nyingi, unaandika ripoti ndefu, unatibu kidogo. Inamfaa anayependa undani na haoni uchovu kukaa peke yake na namba. Anayetaka kuona mtu akibadilika wiki kwa wiki atanyauka huko.

Mahakamani na magerezani pana mvuto wa pekee kwa vijana, labda kwa sababu ya filamu. Kazi halisi ni kumtathmini mshtakiwa kama ana uwezo wa kuelewa kesi yake, au kukadiria hatari ya mtu kurudia kosa, kisha kusimama na kuhojiwa na wakili anayelipwa kuivunja ripoti yako. Kinachowashangaza wengi ni hiki: unayemtathmini si mgonjwa wako. Hakuna ahadi ya usiri kama ya tiba, na lazima umwambie hivyo kabla hajafungua kinywa. Huenda pia anaigiza, na kuna vipimo vya kuangalia hilo. Aliyemtibu mtu hapaswi kuwa ndiye anayemtathmini mtu huyohuyo kwa ajili ya mahakama. Kama moyo wako umejengwa kusimama upande wa mtu aliye mbele yako, kazi hii itakupasua katikati.

Kliniki binafsi inaonekana kama uhuru, na kwa mwenye uzoefu ni uhuru kweli. Lakini saa unazolipwa ni za vikao tu. Kuandika kumbukumbu, kupigia simu familia na kungoja mteja ambaye hakutokea, huko kote hulipwi. Na usiku mteja akikutumia ujumbe kwamba hataki tena kuishi, hakuna timu nyuma yako. Kwa sababu hiyo nisingemshauri mhitimu mpya aanzie hapo hata kama anaruhusiwa na leseni.

Chuo kikuu na utafiti vipo kwa wenye uzamivu wa kitafiti. Na kuna kazi moja ambayo haitajwi vya kutosha: kufundisha na kusimamia wasio wataalamu. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi za urafiki, ambako bibi waliofunzwa huwasikiliza watu na kuwasaidia kutatua matatizo hatua kwa hatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mipango ya namna hii haiwezi kusimama bila mtu anayefundisha, anayesikiliza vikao, anayepokea kesi zilizoshindikana na kupima kama kweli kuna mafanikio. Mwanasaikolojia tiba mwenye takwimu kichwani na subira ya msimamizi ameandaliwa hasa kwa kazi hiyo. Ningekuwa nachagua leo, ningejiandaa kwa ajili yake, kwa sababu mikono miwili ya mtaalamu inafikia wachache, na wanaosubiri ni wengi mno.

Kabla ya kulipa ada

Shahada ya kwanza ya saikolojia peke yake haikufanyi mwanasaikolojia tiba. Inafungua milango ya rasilimali watu, usaidizi wa utafiti na miradi ya jamii, lakini si kutibu. Ukiwa kwenye shahada hiyo, tafuta kazi ya kujitolea mahali wanapohudumiwa wagonjwa wenye hali nzito, si semina. Wiki chache wodini zitakuonyesha mengi kuhusu uvumilivu wako mwenyewe: jinsi unavyolala baada ya kusikia habari za kubakwa, kama unaweza kumpenda mgonjwa anayekutukana, kama unachoka kwa sababu ya kazi au kwa sababu hukuwa na mtu wa kuizungumzia.

Kiulize chuo maswali yenye majibu ya kuhesabika. Mwanafunzi anapata saa ngapi za kuona wagonjwa kabla ya kuhitimu? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Vikao vinasikilizwa, au msimamizi anapokea tu masimulizi? Kati ya waliohitimu miaka mitatu iliyopita, wangapi wamesajiliwa? Chuo kinachokwepa swali la mwisho kimeshajibu.

Halafu iandikie bodi ya usajili ya nchi unayotaka kufanyia kazi, uulize kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa na ni nini kitakachodaiwa zaidi. Leseni ya saikolojia haivuki mipaka yenyewe. Aliyesajiliwa kwa uzamili katika nchi moja anaweza kuambiwa katika nyingine kwamba bila uzamivu hawezi kutumia cheo hicho, au kwamba aongeze saa za usimamizi na afanye mtihani upya. Omba jibu kwa maandishi, na ulipate kabla ya kulipa muhula wa kwanza.